Majina Yetu: Elizabeti, Isabelle na mji uliobeba jina la malkia

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji juu ya majina ya watu: yametoka wapi, yana maana gani, kwa nini yanabadilika. Naandika kutoka Lubumbashi, mahali ambapo darasa moja la watoto laweza kuwa na majina ya Kiluba, Kibemba, Kirundi, Kifaransa na ya Biblia kwenye benchi moja. Barua ya kwanza mwezi huu nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake kuna ugomvi wa familia, na ugomvi huo unaweza kwisha.

Mama mmoja wa Katuba anauliza:

"Jambo Mwalimu. Mama yangu mzazi alikuwa Elizabeti. Alizaliwa hapa hapa wakati mji ungali Élisabethville, na mtaa mzima walimwita Mama Lizabeti mpaka tukamzika. Binti yangu alipojifungua kule Kolwezi tulipatana kwamba mtoto ni wa jina la nkambo yake, yaani huyo mama yangu. Sasa mkwe ameenda kumwandikisha: Isabelle. Dada zangu wamekasirika sana, wanasema jina la mama limetupwa. Padri ametuambia tusigombane, eti Isabelle na Elizabeti ni jina moya. Mimi naona Isabelle ni Isabelle. Ni kweli? Na lina maana gani? Dada zangu hawatakubali neno la padri peke yake."

Mama, padri wenu amesema kweli. Kwa kuwa dada zako wanataka ushahidi, nitawapa wa familia iliyofanya jambo lile lile mliyofanya ninyi, zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Mwaka 1207 mfalme Andrea wa Pili wa Hungaria alipata binti. Wahungaria wanamwita Erzsébet. Alipelekwa Ujerumani angali mtoto, akaolewa huko, akafiwa na mume mapema, akagawa mali yake kwa maskini na kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake katika mji wa Marburg. Alikufa 1231, akiwa na miaka 24 tu. Mwaka 1235 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Ndiye Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, ambaye wachoraji humpa mikate na mawaridi katika nguo yake, na sikukuu yake ni tarehe 17 Novemba.

Huyu Elizabeti alikuwa na mdogo wake wa baba mmoja, Yolanda, ambaye aliolewa na mfalme wa Aragón, upande wa Hispania. Mwaka 1271 akazaliwa mjukuu wa kike wa Yolanda, na mtoto akapewa jina la yule mtakatifu, dada wa bibi yake. Fikiria sasa: jina linatoka Hungaria, linafika Hispania kwa njia ya ukoo, kama la mama yako lilivyotoka Lubumbashi kwenda Kolwezi. Watu wa Aragón hawakumwita mtoto Erzsébet, wala Elisabeth. Walimwita Isabel. Alikua, akaolewa na Dinis mfalme wa Ureno, akafa 1336, naye akatangazwa mtakatifu mwaka 1625. Ukifungua kalenda ya watakatifu kwa Kireno utamkuta Santa Isabel. Ukifungua ya Kifaransa, mwanamke yule yule utamkuta sainte Élisabeth. Hapo hakuna watakatifu wawili.

Kama dada zako ni watu wa rozari, waambie hivi pia. Mhispania Mkatoliki akifika fumbo la pili la furaha, pale Maria anapopanda milimani kumtembelea jamaa yake mwenye mimba, kinywani mwake yule jamaa ni Isabel. Yaani mama yake Yohana Mbatizaji, mke wa Zakaria, ambaye kwetu ni Elizabeti. Na malkia wa Uingereza aliyefariki 2022, ambaye redio zetu zilimtaja kama Elizabeth wa Pili, magazeti ya Madrid yalimwandika Isabel II maisha yake yote.

Jinsi neno lilivyobadilika, ni kazi ya masikio na ndimi za watu wa kusini mwa Ulaya katika zama za kati. Kwanza, katika lugha yao "el" ni kineno kidogo kinachotangulia jina la kitu. Waliposikia Elisabet, mwanzo wake uliwafikia kama kile kineno, si sehemu ya jina lenyewe, basi ukaachwa. Pili, Kihispania hakipendi neno kuishia na "t". Mwisho wa "l" ndio uliozoeleka mdomoni. Kutoka Elisabet tukapata Isabel, Wafaransa wakaandika Isabelle, Waitaliano Isabella. Uingereza ya zama hizo mwanamke mmoja aliweza kuandikwa Isabel katika karatasi moja na Elizabeth katika nyingine, na hakuna karani aliyeona ajabu.

Sasa turudi nyuma zaidi, maana umeuliza maana.

Jina linaanza katika Kiebrania: Elisheba, au kwa matamshi ya leo Elisheva. Wa kwanza kulibeba katika Biblia ni mwanamke ambaye wahubiri wanampita haraka. Fungua Kutoka 6:23: Haruni, kaka yake Musa, alimwoa Elisheba binti wa Aminadabu, dada wa Nashoni. Mstari mmoja tu, basi. Lakini Kigiriki hakina sauti ya "sh", na Wayahudi walipotafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Luka kuandika, Elisheba akatoka kama Elisabeth. Ndipo Luka anapoanza Injili yake na kututajia mke wa Zakaria, anasema kwamba alikuwa wa uzao wa Haruni, na jina lake Elisabeti. Mimi mstari huo unanigusa kila ninapousoma. Mama yake Yohana alipewa jina la bibi mkuu wa ukoo, mke wa Haruni mwenyewe. Hata katika Injili jina hili ni jina la nkambo, Mama. Limerithiwa tangu mwanzo.

Sehemu ya kwanza, "El", ni Mungu. Unaipata katika Eliya, Elisha, Danieli, Samweli, Mikaeli. Sehemu ya pili inahusu kiapo. Kwa hiyo wengi hulifasiri "Mungu wangu ni kiapo", yaani yeye ndiye ninayeapa kwake, neno lake halivunjiki. Wapo wanaosikia humo namba saba, na hawajakosea njia, kwa sababu katika Kiebrania kuapa na saba ni maneno ya shina moja. Mwanzo 21 inaonyesha wazi: Abrahamu na Abimeleki wanagombea kisima, Abrahamu anatenga kondoo wa kike saba wawe ushahidi, wanaapiana, na mahali pale panaitwa Beer-sheba. Ni kisima cha saba na kisima cha kiapo kwa pamoja.

Na hapa nawaomba dada zako wasikilize vizuri, kwa maana jambo hili ni letu sisi wenye Kiswahili. Saba yetu tumeipata kwa Waarabu, na Kiarabu ni ndugu wa damu wa Kiebrania. "Sheba" ya Elisheba na "saba" tunayohesabia katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, tunaponunua samaki ni watoto wa nyumba moja. Mama yenu alikuwa na neno la Kiswahili ndani ya jina lake, na huenda hakujua.

Umesema mtaa ulimwita Lizabeti. Nimesikia watu waliosoma wakisema kwamba hayo ni matamshi ya wasiojua, jina sahihi ni Élisabeth lenye alama juu ya E. Sikubaliani nao hata kidogo. Warusi wameishika Liza. Wajerumani wana Liesel na Ilse, Waskoti Elspeth, Wapolandi Elżbieta, Wacheki Alžběta. Kule Hawaii, ambako lugha haina "s" wala "b" wala "t" kama zetu, waliligeuza likawa Elikapeka, na mwanamke wa Hawaii anaitika kwa jina hilo bila haya. Kama Lizabeti ni makosa, basi Élisabeth nayo ni makosa, maana Haruni hakuwahi kumwita mkewe hivyo. Kila taifa limelipokea kwa mdomo wake. Sisi pia.

Nchi yetu ina mazoea hayo tangu zamani sana. Majina ya watakatifu hayakuletwa na Wabelgiji. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu wa Kongo alibatizwa na mapadri wa Kireno akaitwa João. Wakongo wakaanza kuyafinyanga majina hayo kwa udongo wao. Ukikutana na mtu wa Kongo-Central anayeitwa Ndompetelo, sikiliza polepole: ndani yake mna Dom Pedro, "bwana Petro" wa Wareno. Leo ni jina la Kikongo kabisa na wenyewe wanalirithisha watoto.

Nirudi kwa mkwe wenu. Kuhusu jina, hana kosa. Ametoa jina la nkambo kwa umbo lake la Kifaransa ambalo pengine alilipenda zaidi. Lakini nawaelewa dada zako pia, na sitaki barua hii itumike kuwanyamazisha. Katika familia zetu, maana ya jina ina miguu miwili. Mmoja ni neno, ambalo nimelieleza. Mwingine ni mtu. Mtoto akipewa jina la marehemu bibi, wanaukoo wanamwita "mama", wanamletea kitenge, wanamsalimia kama aliyerudi. Mguu huo wa pili haupatikani katika kitabu cha mwalimu yeyote. Unahitaji mtu aseme mbele ya ukoo: huyu ni wajina wa Mama Lizabeti. Naona hilo ndilo lililokosekana, si herufi. Mkwe aje Katuba na mtoto, aseme maneno hayo mbele ya dada zako. Nyumbani mwiteni Lizabeti mkipenda, shuleni aitike Isabelle. Mtoto wa watu wa Lubumbashi anaweza kubeba yote mawili.

Mwanafunzi wa Kampemba anauliza:

"Mwalimu, kwa nini mji wetu uliitwa Élisabethville? Wenzangu wengine wanasema ni kwa ajili ya mtakatifu, wengine wanasema ni malkia wa Uingereza."

Si mtakatifu, wala si malkia wa Uingereza. Elizabeth wa Pili wa Uingereza alizaliwa 1926, na wakati huo mji wetu ulikuwa na miaka 16.

Ni Elisabeth malkia wa Ubelgiji. Alizaliwa 1876 huko Bavaria, Ujerumani, akaolewa na Albert mwaka 1900. Leopold wa Pili alipokufa Desemba 1909, Albert akawa mfalme na Elisabeth malkia. Mji ukaanzishwa 1910, mwaka ambao reli ya kutoka Rhodesia, upande wa Zambia ya leo, ilifika hapa kufuata shaba ya Kalukuluku, mgodi ambao Wazungu waliuita Étoile. Kwa hiyo walipokuwa wanatafuta jina, malkia alikuwa mpya kabisa kwenye kiti. Mtaa wa kwanza wa Waafrika, Kamalondo ya leo, baadaye uliitwa Albert. Mume na mke waliwekwa katika mji mmoja, mke akiwa mji wa Wazungu na mume mtaa wetu. Wenyewe walikuja Kongo mwaka 1928.

Kwa kuwa umesoma barua ya mama wa Katuba hapo juu, ujue kwamba malkia huyo naye alikuwa na wajina wake. Baba yake alikuwa na dada, Elisabeth, mke wa Kaisari wa Austria, yule ambaye filamu humwita Sisi na aliyeuawa Geneva mwaka 1898. Malkia wa Wabelgiji alipewa jina la shangazi. Shangazi huyo alikuwa pia malkia wa Hungaria, na kwa Wahungaria aliitwa Erzsébet, kama yule mtakatifu wa 1207. Kwa hiyo wenzako wanaosema "mtakatifu" hawakuwa mbali sana; walikosa tu ngazi za katikati.

Mwaka 1966 serikali iliondoa majina ya kikoloni ya miji: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville Kisangani, na sisi tukachukua jina la mto wetu, Lubumbashi. Mimi nafurahi kwamba ulichaguliwa mto. Watu walioajiriwa na Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, walitoka Kasai, Rhodesia, Rwanda na Burundi, kila mmoja na jina la kwao na lugha yake. Malkia wa Brussels hakuwa wa yeyote kati yao. Mto walikuwa wanakunywa maji yake. Wazee bado wanasema E'ville wakizungumzia ujana wao, na sioni sababu ya kuwakataza.

Baba mmoja wa Ruashi anauliza:

"Dada yangu mkubwa katika kitabu cha ubatizo ni Elisabeth. Katika cheti chake cha shule cha miaka ya 70 jina hilo halimo, kuna majina mawili ya Kiluba tu. Sasa ametaka pasipoti, jina la kanisani halionekani popote kwenye karatasi za serikali. Je, shule ilikosea?"

Haikukosea, Baba. Mwanzoni mwa 1972, miezi michache baada ya nchi kuitwa Zaire, rais Mobutu aliamuru raia waache majina ya kigeni. Yeye mwenyewe aliyekuwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Mapadri walitishiwa kifungo kama wangebatiza mtoto wa Kizaire kwa jina la Ulaya. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akanyang'anywa nyumba yake na kwenda kukaa Roma kwa muda.

Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Nakumbuka kuita daftari asubuhi na kuona nusu ya darasa haiitiki, kwa sababu nilikuwa nasoma majina ambayo watoto wenyewe walikuwa bado hawajayazoea. Jean aliyekaa dirishani alikuwa ameondoka bila kuhama kiti. Lilikuwa jambo zito kwa watoto wadogo. Lakini nitasema na upande wa pili, kwa sababu nao niliuona: wapo waliorudi nyumbani kumuuliza babu jina la babu yake, na wakapata majibu ambayo vinginevyo yangezikwa na wazee. Ndiyo asili ya "postnom", jina la asili linalofuata jina kuu, tunayojaza mpaka leo katika kila fomu. Majina ya ubatizo yaliporuhusiwa tena, utawala wa Mobutu ulipolegea mwaka 1990, postnom haikuondoka. Tukabaki na vyote.

Kwa dada yako: kitabu cha parokia ni kumbukumbu ya kweli, aombe hati ya ubatizo. Lakini pasipoti inafuata karatasi za serikali. Akitaka Elisabeth aonekane humo, njia ni ya mahakama, kuomba jina liongezwe, akiwa na hati hiyo ya ubatizo mkononi. Asikubali mtu wa dirishani amwambie kwamba kwa fedha kidogo ataliandika mwenyewe. Jina likiandikwa hivyo litamsumbua kwenye karatasi inayofuata.

Maswali mafupi

Msomaji wa Bukavu anauliza kama Elsa, Betty, Lisette na Babeth ni watoto wa Elizabeti. Ndiyo, wote. Élise pia.

Msomaji mwingine wa Likasi anauliza kama Elisha ni Elizabeti wa kiume. Hapana. Wanashirikiana "El" ya mwanzo tu. Elisha ni "Mungu ni wokovu".

Dada mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, anauliza:

"Mwalimu, mimi ni Muluba wa Kasai, nimezaliwa Lubumbashi, jina langu Mujinga. Nikienda Tunduma na Dar es Salaam kuchukua bidhaa, wakisoma jina langu kwenye karatasi wanacheka. Mmoja aliniuliza kama wazazi wangu walinichukia. Sasa nataka niondoe, niandike prénom tu, lile jina la ubatizo. Unanishauri nini?"

Dada, nimesoma barua yako mara kadhaa na imenichoma. Wazazi wako hawakukuchukia. Walikupa jina kwa sababu ya namna ulivyofika duniani.

Katika Kiluba, Mujinga ni mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni. Mtoto wa namna hiyo amepita mlango mwembamba, na jina linaeleza hivyo, kama vile Mbuyi na Kabanga wanavyoeleza kwamba ni pacha. Wanaokucheka wanasikia "mjinga" ya Kiswahili, asiyejua kitu. Neno hilo halihusiani na jina lako. Yanafanana kwa sauti, hayana undugu.

Undugu wa kweli uko mahali pengine katika Kiswahili hicho hicho wanachojivunia. Shina la jina lako ni kujinga, kuzungusha au kuviringisha. Kiswahili kinalo: kuzinga, yaani kuzunguka. Kutoka humo tuna kuzingira na mazingira, yaani vyote vinavyotuzunguka. Mfanyabiashara wa Dar anayesema kila siku "tutunze mazingira" anatamka jina lako nusu yake na hajui.

Na kuna zaidi. Ng'ambo ya magharibi, kwa Wakongo, shina hilo ni Nzinga. Yule mfalme niliyemtaja juu, aliyebatizwa João mwaka 1491, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nzinga. Kwa Wambundu wa Angola ni Njinga. Karibu mwaka 1583 alizaliwa huko binti wa mfalme wa Ndongo, na masimulizi yanasema kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, wakamwita Njinga. Mwaka 1622 kaka yake alimtuma Luanda kuzungumza na gavana wa Wareno. Gavana alikuwa ameketi kitini. Mgeni alitandikiwa mkeka chini. Njinga hakukaa chini. Alimwashiria mtumishi wake ainame, akaketi juu ya mgongo wake, akazungumza na gavana macho kwa macho. Tendo hilo silisifu lote, maana mgongo ule ulikuwa wa mtu. Lakini Wareno walielewa wanazungumza na nani. Alibatizwa akaitwa Ana de Sousa, baadaye akawa malkia wa Ndongo na Matamba, akapigana na Wareno na kupatana nao kwa miongo, akafa 1663 akiwa mzee wa karibu miaka 80, angali malkia. Watu wa Angola wamemjengea sanamu Luanda, na jina lililobaki ni Njinga. Ana limebaki kwa wasomaji wa historia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Prénom yako itangulie kwenye karatasi za safari kama kawaida, hilo halina shida. Postnom usiiondoe. Anayecheka mwulize kwanza jina lake lina maana gani; wengi hawatajua. Kisha mweleze lako, kwa ufupi, kitovu na shingo, na umtajie malkia. Nina hakika akina mama wa Tunduma watakuelewa kabla hujamaliza, kwa sababu wengi wao wamezaa na wanajua kitovu kinachozunguka shingo ni jambo gani. Na kwenye risiti mwambie karani aandike herufi zote saba, na "u" baada ya "M" asiidondoshe: Mujinga.